Ukoko wa Silika katika Mito na Vinamasi: Maelezo kwa Kuangalia Bonde la Ruzizi na Pwani ya Uvira

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa jiografia au jiolojia huko Uvira husoma masomo yake kwa Kifaransa na kuyaeleza nyumbani kwa Kiswahili. Katika safari hiyo fupi kutoka lugha moja kwenda nyingine, miamba mingi hupoteza majina yake. Tabaka gumu linalomsimamisha mchimba kisima, ganda jeupe lililoshika mawe ya ufukweni, changarawe zilizoshikamana kama zege ukingoni mwa mto: vyote huitwa "mawe", na mazungumzo huishia hapo. Hata hivyo vitu hivi havina asili moja, na anayevichanganya huweza kupata hasara ya fedha, kama tutakavyoona.

Makala haya yanahusu aina moja tu ya matabaka hayo, yaani yale ambayo saruji yake ni silika. Mwaka 1902 mwanajiolojia Mwingereza G. W. Lamplugh alipendekeza majina matatu kwa matabaka magumu yanayofanyika juu ya uso wa nchi au karibu nao. Lile lililogandishwa na chokaa aliliita kalkriti, lile la chuma ferikriti, na lile la silika silkriti. Majina hayo yameenea duniani. Kwa Kiswahili tutatumia neno ukoko, ambalo waandishi wa vitabu vya shule wamekwisha kulitumia kwa tabaka la nje la dunia, na ambalo kila mpishi analijua kutoka katika chungu cha wali. Mfano wa chungu unafaa kwa upande mmja: ukoko ni kile kilichobebwa na maji kikabaki chini maji yalipoondoka. Kwa upande mwingine unapotosha. Ukoko wa wali hutokana na moto na haraka, ilhali ukoko wa silika huhitaji maji yaliyokaa, na mara nyingine hufanyika chini ya ardhi mahali ambapo hapakauki kamwe.

Aidha, neno silika lina tatizo lake. Kabla ya wanakemia kulichukua, lilikuwa tayari neno la Kiswahili lenye asili ya Kiarabu, maana yake hulka au tabia ya kuzaliwa. Mtu akiandika "silika ya maji ya Ruzizi", msomaji ana haki ya kuuliza kama anasimuliwa kemia au tabia ya mto. Katika makala haya neno hili litakuwa na maana ya kikemia tu: oksidi ya silikoni, kitu kilekile kinachounda punje za mchanga, kioo, na jiwe la gumegume ambalo Waswahili wa pwani walilijua tangu zama za bunduki zilizowashwa kwa cheche zake.

2.0 Silika ndani ya maji

Watu wengi hudhani kwamba silika haiyeyuki. Dhana hii ni sahihi nusu. Kwatzi, ambayo ni silika iliyopangika vizuri katika fuwele, huyeyuka kidogo mno: katika nyuzijoto 25 za Selsiasi, lita moja ya maji hubeba takriban miligramu 6 hadi 11 tu. Lakini silika isiyo na fuwele, yaani ile ya opali, huweza kuyeyuka hadi takriban miligramu 120 katika lita hiyo hiyo. Sasa tuangalie mito. Wastani wa silika katika mito ya dunia ni takriban miligramu 10 hadi 13 kwa lita. Maana yake ni kwamba maji ya mto wa kawaida yana silika ya kutosha, au ya kuzidi, kwa kwatzi, lakini yana takriban sehemu moja tu ya kumi ya ile inayohitajika ili opali ianze kuganda.

Hapa ndipo lilipo fumbo lote la ukoko wa silika. Kwatzi ingeweza kuganda, lakini fuwele zake hukua polepole mno katika maji ya baridi, na mto haungoji. Opali huganda kwa wepesi zaidi, lakini maji hayajakolea. Kwa hiyo swali la kuuliza kila mahali panapodhaniwa kuwa na ukoko huu ni moja: ni nani aliyeyakolea maji mara kumi?

Kabla ya kujibu, inafaa kutaja silika hiyo inatoka wapi. Sehemu ndogo tu hutoka katika mchanga wenyewe. Sehemu kubwa hutoka katika madini yanayooza kwa mvua, kama vile felspa ya granaiti na ya nasi, na zaidi ya hayo miamba ya volkano, ambayo huoza upesi. Maji ya mvua yenye hewa ya kaboni huyavunja madini hayo. Udongo wa mfinyanzi hubaki, na silika huondoka na maji ikiwa katika umbo la asidi hafifu sana.

Wako pia wabebaji walio hai, na hawa mara nyingi husahauliwa. Nyasi, matete, mafunjo, mpunga na miwa hufyonza silika kwa mizizi na kuiweka katika seli za majani yao kama vijiwe vidogo vya opali. Ndiyo maana jani la mua hukata ngozi. Mmea ukifa, vijiwe hivyo hubaki udongoni. Majini nako kuna dayatomu, mwani wa seli moja ambao hujijengea kikasha cha opali. Hawa hawahitaji maji yaliyokolea. Hufyonza silika hata ikiwa haba, jambo ambalo kemia peke yake haiwezi kulifanya. Kinamasi kilichojaa matete kwa hiyo ni ghala la silika iliyo tayari kuyeyuka tena, kwa kuwa opali ya mmea huyeyuka kwa wepesi kuliko kwatzi ya mchanga.

3.0 Mahali pa kunasa

Mfano ulio wazi kuliko yote barani Afrika uko mbali kidogo na kwetu, katika delta ya Okavango, nchini Botswana. Mto huu hauendi baharini. Huingia katika bonde tambarare na kufa humo: sehemu kubwa mno ya maji yake hurudi angani kwa mvukizo na kwa kupumua kwa mimea, na asilimia chache tu ndizo zinazotoka upande wa pili kama mto. Mtu angetegemea kwamba maji ya delta yangekuwa chumvi tupu, lakini juu ya uso ni matamu. Uchunguzi wa T. S. McCarthy na wenzake ulionyesha sababu. Delta ina visiwa vingi mno, na kingoni mwa kila kisiwa imesimama miti mikubwa. Miti hiyo hunyonya maji ya ardhini usiku na mchana, hivyo maji ya kinamasi huvutwa kuelekea chini ya kisiwa. Majani huachia maji safi angani. Kilichoyeyuka hubaki chini ya mizizi. Chokaa na silika hukolea, zikaganda ndani ya mchanga wa kingo za kisiwa na kukiinua. Chumvi zinazoyeyuka sana, zikiwamo za magadi, husogea hadi katikati, na huko hata miti hufa.

Okavango inatufundisha mambo mawili. Kwanza, jua peke yake si lazima, miti inatosha. Pili, ukoko hauanzii juu. Huanzia katika kina cha maji ya ardhini, kama utando wa opali unaovika punje za mchanga, kisha utando unanenepa, punje zikagusana, na nafasi zilizokuwa na maji zikazibwa. Matabaka ya zamani ya mashapo hubaki yakionekana ndani ya jiwe jipya. Katika mito mikavu ya Kalahari ukoko wa namna hii hufuata sakafu ya mto wenyewe, hasa kwenye madimbwi ambayo hubaki baada ya mafuriko na mahali ambapo maji matamu ya ardhini hukutana na maji ya chumvi ya ziwa kavu.

Mfano wa pili uko Kenya. Jina la Ziwa Magadi linatueleza kemia yake bila kamusi: ni magadi yaleyale ya kulainishia maharage. Katika maji ya namna hii silika hubadilika tabia. Kipimo cha pH kinapopita 9 uwezo wa maji kuyeyusha silika hupanda kwa kasi, na maji mazito ya Magadi hubeba silika mara nyingi zaidi ya mto wowote. Maadamu maji yanabaki makali, silika haionekani. Yakipunguzwa ukali kwa mvua au kwa hewa ya kaboni, silika haina pa kukaa. Mwaka 1967 Hans Eugster alieleza madini mawili mapya kutoka bonde hilo, magadiiti na kenyaiti, ambayo ni silika iliyoshikamana na sodiamu na maji. Aliona kwamba baada ya muda magadiiti hupoteza sodiamu na maji yake ikageuka gumegume. Watafiti waliomfuata wameonyesha kwamba sehemu ya gumegume za Magadi iliganda moja kwa moja kutoka katika rojorojo la silika, na nyingine chini ya tandabui la vijidudu. Njia ni zaidi ya moja, lakini sharti halibadiliki: bonde halina mlango wa kutokea.

Katika Kongo yenyewe ukoko huu si mgeni. Wanajiolojia wa enzi ya Ubelgiji waliukuta katika nyanda za Kwango na za Katanga, ndani ya mashapo ya Kalahari, wakauita kwa Kifaransa grès polymorphes, mawe-mchanga ya maumbo mengi. Jina hilo lina haki yake, maana jiwe moja huweza kuwa mchanga ulioshikamana kidogo upande mmoja na gumegume tupu upande mwingine. Ndani yake hupatikana mabaki ya konokono wa maji baridi, ushahidi kwamba palikuwa na madimbwi mahali ambapo leo pana uwanda mkavu. Watu wa zama za mawe walichonga zana zao kwa jiwe hilo, kama zinavyoonyesha zana zilizofukuliwa katika rasi ya Gombe, mjini Kinshasa.

4.0 Ruzizi na pwani ya Uvira

Tukirudi mashariki, tuanze na ugavi. Hapa hakuna upungufu. Ruzizi hutoka Ziwa Kivu, lililo takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na kuingia Tanganyika kwenye mita zipatazo 770, baada ya safari ya kilomita zipatazo 117. Katika korongo lake la juu hukata miamba ya volkano ya Kivu Kusini. Milima ya Mitumba iliyosimama nyuma ya Uvira ni ya nasi, shisti na kwatzi ngumu za kale, na hupata mvua nyingi kuliko bonde. Bondeni kuna msimu mrefu wa kiangazi, kuna mpunga, kuna miwa ya Kiliba, na katika delta kuna matete na mafunjo tele. Katika sehemu za chini za bonde kuna hata udongo wa chumvi, ishara kwamba maji mahali fulani yanakaa na kukolea. Mtu akiishia hapa, atatabiri kwamba Uvira imejaa ukoko wa silika.

Lakini kilichokosekana ni mtego. Ruzizi haufi bondeni kama Okavango. Unapita, ukagawanyika kuwa Ruzizi Kubwa na Ruzizi Ndogo, ukaingia katika ziwa lenye kina kinachofikia mita 1,470. Vijito vinavyopita ndani ya mji wenyewe, kama Mulongwe na Kalimabenge, havikai kabisa. Vinaporomoka kutoka mlimani hadi ziwani katika masafa mafupi, na vinachoacha ni mawe makubwa, si utando wa opali. Mafuriko ya Mulongwe ya Aprili 2020, yaliyoua makumi ya watu na kubomoa nyumba kwa maelfu, yalikuwa somo chungu la mto wa aina hii: nguvu zake zote ni za kusukuma. Vinamasi vya delta navyo havina utulivu unaohitajika, kwa kuwa ziwa hupanda na kushuka. Mwaka 2024 lilipanda hadi likaingia majumbani Uvira na ng'ambo, Gatumba. Kila linapopanda hivyo, huosha kile ambacho miaka ya ukame ilianza kukikolea.

Kisha kuna dayatomu. Maji ya juu ya Tanganyika yana pH ya karibu 9, kwa hiyo yangeweza kubeba silika bila shida. Lakini hayana silika nyingi, kwa sababu dayatomu huichukua. Wakati wa kiangazi upepo wa kusini-mashariki hulikoroga ziwa na kupandisha virutubisho kutoka chini, dayatomu huzaana kwa wingi, hufa, na vikasha vyao huzama. Katika mashapo ya vilindini vikasha hivyo huonekana kama mistari myembamba ya rangi hafifu, mmoja juu ya mwingine, na wanaochunguza hali ya hewa ya kale huisoma mistari hiyo kama mtu asomavyo kurasa. Silika ya milima ya Uvira, basi, haipotei. Imewekwa, lakini imewekwa mahali pasipofikiwa na jembe, ikiwa matope na si jiwe.

Kwenye ukingo wa ziwa mwenye kutawala ni chokaa. Ganda linalovika mawe ya ufukweni, mchanga ulioshikamana kuwa bamba, na vinundu vya stromatoliti vilivyojengwa na vijidudu katika maji ya kina kifupi, vyote hivi ni vya kabonati. Hata maji ya moto hayakubadilisha utawala huo. Mwaka 1987 watafiti waligundua chemchemi za moto chini ya maji katika kaskazini ya ziwa, kwenye rasi ya Banza katika peninsula ya Ubwari na mahali paitwapo Pemba kwenye pwani ya kaskazini-magharibi (msomaji wa Zanzibar asihamaki, ni Pemba nyingine). Wengi hutegemea chemchemi za moto zijenge silika, kwa kuwa maji ya moto huiyeyusha sana na kuitupa yanapopoa. Banza ilionekana na mabomba madogo ya aragoniti, ambayo ni aina ya chokaa. Pemba ilionekana na salfaidi za chuma. Mimi naona huu ni mfano mzuri wa kumfundishia mwanafunzi kuliko mahali penye ukoko tele, kwa sababu unamlazimisha kuuliza kila sharti peke yake badala ya kulihesabu jiwe gumu kuwa jibu.

5.0 Kuutambua ukoko na kuutaja

Kulitambua jiwe hakuhitaji maabara. Ganda la chokaa hukwaruzwa kwa kisu na unga wake huchemka povu ukitiwa siki au asidi nyingine dhaifu. Silika haichemki kwa asidi hizo. Kwatzi na gumegume hukikwaruza kisu zenyewe. Opali iko karibu na ugumu wa kisu, kwa hiyo hapo asidi ndiyo shahidi wa kuaminiwa zaidi. Ugumu zaidi uko katika kupambanua ukoko wa mto au kinamasi na ule uliofanyika ndani ya udongo wa juu. Wa mto hulala kama bamba au lenzi, huhifadhi matabaka ya mashapo, na punje zake hubaki zilivyotupwa na maji. Wa udongo umevurugwa: una nguzo, vinundu na nyufa zilizojazwa upya, na mara nyingi una titani nyingi zaidi, kwa sababu kitu hicho hakihami udongo unapooshwa na mvua za miaka mingi.

Muda nao hubadili jiwe. Opali ya kwanza haidumu. Polepole hupoteza maji, hujipanga upya, na mwishowe huwa kwatzi ya chembe ndogo mno. Ukoko mchanga na ukoko mkongwe huweza kuwa na asilimia ileile ya silika, mara nyingi zaidi ya 85, na bado vikawa vitu viwili.

Kwa mjenzi tofauti hiyo ni kubwa. Mwaka 1940 mhandisi Thomas Stanton wa California alieleza kwa nini zege fulani zilikuwa zikivimba na kupasuka miaka kadhaa baada ya kumiminwa: alkali ya saruji ilikuwa ikiila silika ya opali iliyokuwamo katika kokoto, na kuzaa uterojo unaofyonza maji na kutanuka. Kokoto ya kwatzi iliyokomaa haifanyi hivyo kwa urahisi. Ya opali hufanya. Kwa Uvira, ambako nyumba na madaraja hujengwa upya baada ya kila mafuriko kwa mawe yaliyookotwa mtoni, kokoto za milimani ni za miamba ya kale, na hatari hiyo ni ndogo kuliko ingekuwa Magadi. Lakini fundi anayeagiza kokoto kutoka mbali hawezi kuuliza swali asilokuwa na neno lake. Ndiyo sababu istilahi moja haitoshi. Ukoko wa chokaa, ukoko wa chuma na ukoko wa silika vitoshe kwa mgawanyo wa Lamplugh. Na ndani ya huo wa tatu, ukoko wa opali utengwe na ukoko wa gumegume, hata kama maabara itaandika kwa vyote viwili alama ileile ya kikemia.